Siku Niliyomlilia Yasini

Afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana habari ikishatoka Arua kwenda Koboko haina breki: mimi ndiye yule mwanamke wa vitenge aliyemfanyia baba yake mkubwa matanga, turubai likafungwa, sufuria zikapandishwa motoni, vijana wakachimba kaburi mpaka kiunoni, na baba mkubwa mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Chekeni tu. Nilishaona aibu mpaka ikaisha, sasa imebaki hadithi, na nikisema kweli (Mungu anisamehe) ndani yake kuna kitu ninachojivunia mpaka leo, lakini tutafika huko.

Jina langu Rehema. Nilizaliwa Koboko, nimeolewa Arua, nauza vitenge sokoni, vile vinavyotoka upande wa Kongo, na ugonjwa wangu ni mmoja tu: riwaya za mapenzi. Tena si za mapenzi ya watu wazima wenye magari na mawakili, hapana, mimi napenda zile za vijana, kijana wa miaka kumi na tisa na msichana wa kumi na minane, wamekutana kwenye foleni ya matokeo ya mtihani, hawajui hata kushikana mkono, na wewe msomaji unajua kabla yao kwamba hawa wawili wameshakwisha. Kuna mzee mmoja anatandaza vitabu vya mitumba chini, karibu na barabara, vya Kiingereza, vingine havina jalada, na mimi kwake ni kama mlevi kwa muuza pombe, akiniona tu anaanza kupekua gunia. Binti yangu Sauda naye ameshika ugonjwa huohuo. Tunasoma kitabu kimoja kwa zamu, yeye usiku, mimi mchana, na sheria ya nyumba ni kwamba anayemaliza kwanza anafunga mdomo.

Sasa, sokoni wananiita mutu ya vitabu. Wamama wa chama chetu walinichagua niwe katibu kwa sababu hiyo tu, mutu ya vitabu, na mimi kila kitabu ninachosoma nakishonea kava la kitenge (ni kwa ajili ya vumbi, nilikuwa nasema, na vumbi kweli lipo), kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona picha ya msichana na kijana wanaotazamana chini ya mwembe. Wengine walidhani nasoma mambo ya dini. Wengine walidhani nafanya kozi. Mke wa mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza nitahitimu lini, nikamjibu, "Polepole, mama, Mungu akipenda," na hilo si uongo, mambo yote ni Mungu akipenda.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, soko limejaa tope, wateja hakuna. Kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja. Sauda alikuwa amekimaliza juzi yake na kule nyumbani alikuwa ananitazama kwa jicho fulani, lakini sheria ni sheria, hakusema neno. Nikajiambia, Rehema, soma ukurasa mmoja tu, mpaka mvua ikatike. Kijana wa kitabu hicho jina lake Yasini. Mpole, fundi wa baiskeli, ana mikono ya grisi na kicheko cha aibu, na tangu ukurasa wa kwanza mimi nilishampa binti yangu wa kufikirika amuoe. Ukurasa ule mmoja ukawa mitatu, mitatu ikawa sura nzima, na mwisho wa sura Yasini akafa.

Nililia. Sisemi nilitoa machozi, nasema nililia kama mtu aliyepigiwa simu kutoka hospitali, mabega yanaruka, sauti inatoka yenyewe, kichwa nimekilaza juu ya mafungu ya vitenge mpaka kitenge kimoja cha bei kikalowa. Jirani yangu wa meza ni Mama Ayikoru, Mlugbara, anauza siagi ya simsim, yaani ufuta, moyo wake mkubwa kuliko soko lote. Akaruka tope, akanishika.

"Rehema! Rehema, dada yangu, ni nani?"

"Yasini," nikasema.

"Yasini nafanya nini?"

"Amekufa."

Mnaona? Uongo uko wapi hapo? Kila neno lilikuwa kweli. Mama Ayikoru akapiga viganja, akapaza sauti ile ya msiba ambayo mwanamke wa West Nile, huku kwetu, akiipaza hata kuku wanasimama, na wenzangu wakaanza kuja mbio, mbele yao Hajati Zainabu, mwenyekiti wa chama chetu, muuza sufuria, mwanamke anayeweza kusimamisha lori kwa kutazama tu. Nikafungua mdomo niwaambie ni wa kwenye kitabu. Halafu nikaona nyuma ya Hajati amesimama yule mke wa mwalimu, yule wa kuhitimu lini, ananitazama kwa huruma na heshima. Nikajiona, mwanamke wa watoto wanne, katibu, mutu ya vitabu, na kamasi puani kwa ajili ya kijana fundi baiskeli ambaye hata hakuzaliwa. Nikasema moyoni, ngoja ninawe uso kwanza, nikirudi nitaeleza vizuri, kwa utulivu, tutacheka. Nikaenda bombani.

Hapo ndipo nilipopotea. Kunawa uso tu! Bombani kulikuwa na foleni ya madumu, wamama wakaniona nalia wakanipisha, mmoja akaninawisha mwenyewe kama mtoto, mwingine akanikalisha juu ya dumu nipumzike, na mimi nikapumzika (nilikuwa bado namfikiria Yasini, acheni nisiseme uongo). Niliporudi, meza yangu ilikuwa imefunikwa na kufungwa kamba. Mikoba yangu iko mikononi mwa mtu. Wamama wamejifunga vitambaa kichwani. Na pikapu ya kaka yake Mama Ayikoru, ile inayoleta mihogo kutoka Ajia, imesimama pembeni inanguruma, nyuma wameshatandika mikeka, wamepakia sukari, unga, maharagwe na sufuria kubwa mbili za Hajati.

"Panda," Hajati akasema.

"Hajati, naomba niseme kitu..."

"Utasema njiani. Mutu nakufa asubuhi, jioni nazikwa. Panda."

Nami nikapandishwa. Sisemi nilipanda, nilipandishwa, mmoja huku mmoja kule, nikakalishwa katikati kama bibi harusi.

Lazima niwaeleze sasa kwamba baba yangu mkubwa, kaka yake mkubwa marehemu baba, anaitwa Yasini. Soko zima linamjua. Ni askari mstaafu, mrefu, ndevu anazipaka hina, kila akija Arua hukaa kwenye meza yangu anakunywa chai na kuwauliza wateja wangu habari za nidhamu. Wallahi nilipokuwa nalia sikumkumbuka hata kidogo. Kwangu mimi yeye ni Baba Mkubwa, hana jina. Ilikuwa mpaka pikapu imetoka mjini, imeshika lami ya Koboko, ndipo Mama Ayikoru aliponikumbatia akasema, "Na vile alikunywa chai na sisi juzi tu, na ndevu yake nyekundu ile, maskini."

"Ndevu ya nani?" nikauliza.

"Ya Mzee Yasini."

Nikaruka kusimama, pikapu ikanikalisha. "Sikilizeni! Si huyo! Yasini ninayemlilia mimi ni wa kitabu! Yasini ya kwenye kitabu!"

Hajati Zainabu akanishika mkono, macho yake yamejaa machozi. "Ndiyo, mwanangu. Yasini tutaisoma. Mimi naijua kwa moyo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Usijali. Tutamsomea baba yako Yasini mpaka aridhike." Na palepale akafumba macho akaanza, sura ile tunayowasomea maiti, kwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na wamama Waislamu wakainamisha vichwa, na alipomaliza akina Mama Ayikoru wakaitikia kwa wimbo wa kanisani wa Kilugbara, taratibu, na mimi niko katikati, na hata shetani asingekuwa na ujasiri wa kukatiza kitu kama kile.

Nikamnong'oneza Mama Ayikoru. "Mama, ni nani amewaambia kwamba ni Baba Mkubwa?"

"Wewe uliacha simu mezani. Tukapiga namba yake, haipatikani. Tukampigia Sauda, tukamuuliza pole pole, tusimshtue, mwanangu, umesikia kwamba Yasini nakufa? Akasema, najua, mimi nililia juzi usiku kucha, Mama ndiyo amefika hapo sasa? Mtoto mwenye roho ngumu! Amejua tangu juzi, amekaa kimya!"

Sheria ya nyumba. Sheria yangu mwenyewe, niliyoitunga kwa mdomo huu.

Mngefanya nini? Nikachukua simu nikampigia Baba Mkubwa, haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Na hapo likaniingia wazo la ajabu, na ni wazo hilo lililonifunga mdomo njia nzima: je, kama kweli amekufa? Ni mzee. Ana presha. Simu yake haizimwi. Labda machozi yangu yalikuwa yanajua kitu ambacho kichwa hakijui. Tulipofika karibu na Koboko nilikuwa nalia upya, safari hii kwa hofu, na wamama wakafurahi, maana walikuwa wameanza kuona nimekauka mapema.

Koboko walishapata habari. Hajati alikuwa amempigia shemeji yake mfanyabiashara, shemeji akaenda msikitini, msikiti ukatangaza. Nyumbani kwa Baba Mkubwa turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wamekaa kwenye mikeka na kanzu zao, wake zao wako nyuma wanachambua mchele. Tuliposhuka na kilio chetu cha Arua, kilio cha huku nacho kikainuka kutupokea, vikakutana katikati ya ua. Nikasukumwa mpaka kwa Hajati Sitina, mke wa Baba Mkubwa, mama aliyenilea nilipokuwa nasoma. Alikuwa amekaa chini, halii. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuamshwa.

"Rehema," akasema, "ametoka hapa asubuhi na baiskeli, anakwenda Midia kutazama karanga zake. Tumegombana juu ya chumvi. Amesema chai yangu haina sukari na mboga yangu haina chumvi, nikamwambia aende akale kwa mwingine. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Wewe umemuona wapi? Nani amemkuta? Iko wapi mwili?"

Sasa hapo, ndugu zangu, aibu ya kitabu ikawa kitu kidogo sana. Nikapiga magoti. Nikasema, kwa sauti ya kutosha yeye tu, "Mama, hakuna aliyemkuta. Mimi sijui kama amekufa. Yasini niliyemlilia ni kijana wa kwenye hadithi. Nilikuwa nasoma kitabu. Wakanisikia vibaya, na mimi sikuwasahihisha mapema."

Akanitazama. Niliona neno moja moja linaingia. "Hadithi," akasema.

"Hadithi, Mama."

"Kwa hiyo yeye iko Midia."

"Inshallah yuko Midia."

Hakuwa Midia. Nikiwa bado nimepiga magoti nikaona, juu ya bega la Hajati Sitina, upande wa wanaume, mzee mrefu anasukuma baiskeli kuingia kwa njia ya nyuma, gunia la karanga limefungwa kwenye keria. Akaona watu. Akaegemeza baiskeli ukutani bila kelele, akavua viatu vya tope, akakaa mwisho wa mkeka kama muumini yeyote mwenye adabu, akainua mikono kuomba dua pamoja na wenzake, mpaka mwisho, amina. Halafu akamuinamia mzee aliyekuwa mbele yake, Mzee Safi, rafiki yake tangu jeshini, akamuuliza pole pole:

"Inna lillahi. Ni nani?"

"Yasini," Mzee Safi akajibu bila kugeuka, anafuta macho. "Mungu amrehemu. Mutu nzuri, ila mbishi."

"Yasini gani?"

"Yasini yetu. Yasini wa ndevu ya hina."

"Mbishi namna gani?" akauliza Baba Mkubwa.

Mzee Safi akageuka. Mimi sijawahi kuona mzee wa umri ule akiruka mkeka mzima bila kugusa chini. Wanaume wakatawanyika, mmoja amebeba viatu vya watu wawili, wamama wetu wa Arua wakapiga yowe, Mama Ayikoru akataja majina yote ya watakatifu anaowajua, na katikati ya ua akabaki Baba Mkubwa peke yake, mikono kiunoni, anatazama turubai, anatazama sufuria, anatazama pikapu.

Hajati Sitina akainuka. Akatembea mpaka kwake, taratibu. Akamshika shavu. Akamshika ndevu. Halafu akavua mtandio wake akampiga nao begani, mara ya kwanza, mara ya pili, anampiga na analia.

"Simu yako iko wapi? Iko wapi?"

"Iko mfukoni. Chaji imeisha. Sitina, wacha, watu wanatazama."

"Watazame!"

Alipochoka, akamuegemea, naye hakujua mikono aiweke wapi, akaiweka mgongoni mwake mbele ya watu wote, jambo ambalo Koboko hawajaacha kulizungumza. Kisha sauti ya jeshi ikarudi.

"Nani ametoa hii riporti?"

Hamtaamini jinsi vidole vya watu vinavyoweza kukubaliana. Nikasimama. Nikasema yote, kwa sauti, mbele ya shehe, mbele ya mwenyekiti wangu, mbele ya ukoo, kuanzia mvua mpaka bombani, na nilipofika kwenye kitabu nikakitoa mkobani na kukivua kava la kitenge, maana nilishaona hakuna tena cha kufunika. Picha ya wale wawili chini ya mwembe ikaonekana. Hajati Zainabu akanitazama kwa jicho ambalo lingesimamisha malori mawili.

"Miaka yote hii," akasema, "hiyo ndiyo kozi?"

"Ndiyo kozi, Hajati."

Shehe, ambaye ni mtu wa utaratibu, akauliza, "Kwa hiyo maiti hakuna?"

"Maiti yupo, shehe, lakini ni wa kwenye hadithi."

Kuna waliocheka, na kuna waliokasirika, na walikuwa na haki. Vijana wa kuchimba kaburi walikuwa wamerudi wakati huohuo kuulizia vipimo, tope mpaka magotini, majembe begani, wakaambiwa warudi wakalifukie na mgomba ndani yake, maana kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, na walichosema sitakirudia. Nikawa nangoja ardhi ipasuke, haikupasuka, ardhi ya Koboko ni ngumu. Baba Mkubwa akavuta kiti, akakaa.

"Rehema. Kaa chini. Huyu mutu alikufa na jina yangu. Nataka kujua alikuwa nani na alikufa namna gani. Simulia."

"Baba Mkubwa, ni mambo ya vijana..."

"Ni amri."

Basi nikasimulia. Nilikuwa sijawahi kusimulia kitabu kwa mtu yeyote ila Sauda, na kamwe si kwa Kiswahili, na sentensi za mwanzo zilitoka kama punda mgonjwa, lakini nikafika kwenye foleni ya matokeo, Yasini anampisha Amina mbele yake, Amina anamwambia asante bila kumtazama, na nikasikia mwanamke mmoja wa Koboko nyuma yangu anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyewahi kupishwa. Nikashika moto. Nikawaeleza jinsi alivyomtengenezea baiskeli kila wiki, na fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa anailegeza nati ili irudi tena. Wanaume waliokuwa wamesimama wakakaa. Nikawaeleza kwamba Yasini alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao kwetu tunauita sikoseli, na hakumwambia Amina, kila akizidiwa alisema amesafiri kununua spea, na Amina akadhani ana msichana mwingine mjini. Nikawaeleza siku Amina alipokuja kugombana naye, akakuta duka limefungwa, na fundi wa jirani akamwonyesha njia ya hospitali. Alimkuta bado ana pumzi. Aliyekuja kugombana akakaa akamshika miguu, maana ndiyo iliyokuwa inamuuma zaidi, akaipasha joto kwa mikono yake mpaka ikaacha kuuma, na ilipoacha kuuma akafurahi, hakujua kwa nini imeacha.

Nilipomaliza niliinua macho. Mama Ayikoru alikuwa analia waziwazi. Mke wa shemeji yake Hajati Zainabu analia. Nikamtazama Baba Mkubwa nikaona ametazama chini, na Hajati Sitina ameshika ukingo wa kiti chake kwa nguvu.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Hajati Sitina akauliza.

"Kumi na tisa, Mama."

"Kama Juma."

Juma alikuwa mtoto wao. Alikuwa binamu yangu, tulisoma pamoja, alikufa kwa ugonjwa huohuo nikiwa bado sekondari, na wakati ule palikuwa na mkimbizano wa mambo mengi, akazikwa haraka, na tangu siku ile nyumba ile haikuwahi kutaja jina lake mbele yangu. Wallahi nawaambia, kitabu kile nilikisoma chote, nikalia mpaka kitenge kikalowa, na sikuwa nimemkumbuka Juma hata mara moja. Au labda mikono yangu ilimkumbuka. Maana nami niliwahi kumpasha miguu.

"Miguu ndiyo ilikuwa inamuuma," akasema Baba Mkubwa. Sauti ya jeshi haikuwepo. "Usiku. Mimi nilikuwa namwambia awe mwanaume."

Hajati Sitina aliweka mkono juu ya mkono wake. Shehe, mtu wa utaratibu, akakohoa, akasema kwamba watu wameshakusanyika, na chakula kimeshapikwa, na dua haiendi bure, basi kama wenye nyumba wanaridhia, tumuombee Juma. Wakaridhia. Hajati Zainabu akasoma Yasini yake tena, yote, kwa moyo, safari hii kwa mtu aliyekuwa anastahili, na wamama wa kanisani wakaimba wimbo wao, na nilimwona Baba Mkubwa, mzee yule, analia bila kujificha huku Mzee Safi amemshika bega. Halafu tukala. Tulikula vizuri, siwafichi, mchele, maharagwe, ugali wa muhogo na karanga mbichi za Midia zilizochemshwa na chumvi nyingi kupita kiasi, na Baba Mkubwa akazisifu mara tatu, kwa sauti.

Kabla hatujaondoka, alizunguka ua mzima akipeana mikono na kutazama nani yupo na nani hayupo. "Pikapu kutoka Arua," alikuwa anamwambia kila mtu. "Umeona? Wamekuja na sufuria yao. Watu wengi namna hii, na mimi bado mzima!" Mpaka leo anatembea Koboko kifua mbele, na kuna rafiki yake mmoja hamsalimii kwa sababu hakuja kwenye mazishi.

Nami je? Hajati Zainabu hakuniongelesha kwa siku nyingi. Nilimpelekea muhuri wa chama nijiuzulu, akaupokea, akauweka mezani, akapanga sufuria zake, akapangua, kisha akasema bila kunitazama, "Na yule msichana, Amina. Aliolewa?" Nikamwambia kitabu hakisemi. Akakasirika kuliko siku ile ya Koboko. Akanirudishia muhuri, akaniambia nitafute kingine, na hicho kiwe na ndoa mwishoni. Sasa mvua ikinyesha na wateja wakikosekana, wamama wanavuta vigoda mpaka kwenye meza yangu na mimi nasimulia, na vitabu vyangu vinakaa wazi, havina kava, picha zote nje. Nimekuwa mutu ya vitabu kweli. Sijawahi kuuza kitenge kilichonipa raha kama ile ya kumwona muuza sufuria anamkasirikia mwanamume wa kwenye karatasi.

Lakini fundisho nimelipata, na kiapo nimekula, mkono juu: kitabu chochote kikibakiza sura moja nakifunga, nakipeleka nyumbani, naingia chumbani, na mlango natia komeo. Na ikitokea bahati mbaya kilio kikanikuta mbele za watu, basi kabla ya chozi la kwanza kuanguka nitamtaja marehemu kwa jina lake, na la baba yake, na kazi yake, na ukurasa aliofia.